Nguzo ya Kumi na Tatu

Paa la baraza ya zahanati mpya ya Gando lilianguka Jumatatu baada ya alasiri, likamvunja miguu Bi Mwanawema, bibi mzee aliyekaa chini yake. Kesho yake Inspekta Vuai alifika Tibirinzi, ofisi ya uhandisi ya Bwana Humoud, kumtafuta aliyechora jengo: mhandisi Buthaina.

Humoud alishamwandikia maelezo ya kukiri kosa. Ilibaki saini.

"Sitii," alisema Buthaina.

"Tia, mwanangu," Humoud alimbembeleza. "Sema umekosea hesabu, yaishe."

"Yaishe kwa nani? Mie sikukosea."

Asubuhi hiyo Vuai alikuwa amemshuku fundi Silima kwa kupunja nondo. Silima alimkunjulia mchoro wenye muhuri wa Humoud. "Afande, mie hujenga n'nachopewa. Pima." Vuai alipima. Nondo zilitimia, na nguzo zilikuwa kumi na mbili za mraba, kama karatasi ilivyosema.

Sasa Buthaina alimgeuzia Vuai kompyuta. Humoud alikaa upande wa pili wa meza, haoni kitu.

"Hesabu za uzito ziko programu hii, mchoro uko nyengine. Nimepachika programu ndogo ya kuziunganisha. Nikinenepesha nguzo huku, na kule inanenepa." Alibonyeza, na nguzo za mchoro zikanenepa mbele ya macho ya Vuai. "Hesabu zina nguzo kumi na tatu. Mchoro una kumi na mbili. Mtu kakata kiungo cha nguzo moja, kaifuta mchoroni kwa mkono."

Vuai aliitazama ile ya kumi na tatu kwenye hesabu. Ilikuwa ya duara. Akamgeukia Humoud.

"Bwana Humoud, wewe huigusa kompyuta hii?"

"Mie na kompyuta wapi na wapi. Huletewa karatasi, nikagonga muhuri. Hiyo nguzo naisikia leo."

"Na paa lingesimama bila yake? Wewe mzoefu."

"Lingesimama. Ligogo la duara katikati ya baraza la nini? Wazee wazungumze wakichunguliana? Baraza ya Kipemba haijengwi hivyo."

Vuai alimkunjulia Humoud ule mchoro wa Silima. Mdomo uliponza kichwa, na kichwa chenyewe kilianza kufahamu.

"Karatasi yako ina nguzo za mraba tupu. Nani kakwambia hii ni ya duara?"

Humoud alijifuta uso kwa kilemba. Uchaguzi ulikuwa mlangoni na yeye mgombea. Aliwaahidi wazee wa Gando baraza wazi, wampe kura. "Nyumba za mababu zetu zilisimama bila hesabu za kompyuta," alinung'unika.

"Nimeifanya duara ili wazee waegemee," alisema Buthaina kwa hasira. "Bi Mwanawema angekuwa kaiegemea jana."

Akamsukumia Humoud ile karatasi ya kukiri, na kalamu juu yake.

"Tia wewe. Jina langu lifute kwa mkono. Kazi hiyo unaijua."