Pleti ya Pini Tatu

Soko la Garissa saa nne asubuhi lina kelele za kumchanganya mtu, na duka la Hamse liko katikati ya kelele hizo. Huyu analeta simu ya kuchaji, yule anauliza sola, na mzee mmoja wa Hulugho amekalia kiti pekee cha wateja akisubiri tochi yake. Hapo ndipo Sirad alipojipenyeza, abaya nyeusi, mtandio wa rangi ya zafarani, na kamera kubwa ya sinema ameikumbatia kama mtoto mchanga. Alikuwa ameinunua mtumba kule Islii, nayo ilimjia bila pleti ya betri, kile kibamba cha mgongoni kinachoshika betri kubwa.

"Unauza pleti za hii?" aliuliza.

Hamse, kijana mrefu mwenye mikono ya shati iliyokunjwa hadi viwikoni, aliitazama kamera kwanza. Sirad alilipenda hilo. Wanaume wengi sokoni humtazama yeye, kisha huuliza kamera ni ya nani.

"Ziko mbili." Aliziweka mezani. "Hii ya mfereji, betri inateremka kutoka juu. Hii ya pini tatu, betri inaingia, inabanwa. Abaayo, dada yangu, unapiga nini?"

"Arusi. Upande wa wanawake."

"Unaweka kamera kwa stendi?"

"Stendi gani? Wakianza mashairi na ngoma ya buraanbur, yule anacheza katikati, mimi nazunguka naye. Kamera iko begani." Alishusha pumzi. "Jumamosi ya wiki ya tatu niko Habaswein. Ayeeyo, nyanya yake bibi arusi, ametunga shairi. Ni mgonjwa, hatasema mara mbili. Kamera ikizima hapo, nimekwisha."

Hamse aliisukuma ile ya pini tatu mbele yake. "Chukua hii."

"Sababu?"

"Haichezi, hata ukigongwa." Kisha akamwazima na betri mbili kati ya zake za aina hiyo, alizoachiwa na watu wa filamu kutoka Nairobi aliowahi kufanya kazi nao.

Pleti haina mengi ya kuulizia, lakini hawa wawili waliipatia ya wiki mbili nzima. Simu ilikuwa inaita kila alasiri.

"Pleti iko sawa?"

"Pleti imelala."

"Na mwenye pleti?"

"Anapoteza muda na mtu hana kazi."

"Macaan, kazi yangu ni hii."

Sirad aliitwa mtamu kwa mara ya kwanza akiwa anapepeta mchele, na mchele nusu ukaenda kwa kuku. Alianza kupita sokoni kutafuta skrubu ambayo hakuihitaji. Alikuwa na furaha, basi, furaha ya wazi ambayo hata mama yake aliiona akanyamaza.

Aliyeiharibu ni Idman, rafiki yake ambaye humsaidia kazini, naye hakuwa na nia mbaya. Siku tatu kabla ya safari alikuja na betri zake, akajaribu kuzipachika kwenye kamera ya Sirad, zikakataa.

"Walaal, nani alikuchagulia hii? Sisi wote Garissa tunatumia ya mfereji. Betri za pini tatu ziko na Hamse peke yake. Huyo amekufunga kamba. Kila ukitaka betri, utarudi kwake."

Sirad alihisi uso unawaka. Alipiga simu palepale.

"Hamse, betri za aina hii Garissa ziko na nani?"

"Na mimi."

"Na nani mwingine?"

"Hakuna."

"Na hukuniambia."

"Sirad, ngoja nikueleze—"

Hakungoja. Alikata, akaizuia namba yake, akalia mpaka mtandio ukalowa. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa amemwamini mtu aliyeitazama kamera kwanza. Pleti ya mfereji hakuipata kwingine sokoni, na dukani kwa Hamse hakutaka kurudi, kwa hiyo alisafiri na hiyohiyo.

Habaswein walikuta stima imepotea tangu jana yake. Ukumbi ulikuwa umejaa wanawake, magauni ya dirac ya hariri yanameremeta, uturi na moshi wa uunsi vinagombania pua. Kwa mila, mwanamume hakanyagi humo. Betri ya kwanza iliisha marafiki wa bibi arusi wakiimba. Ya pili ilipofika robo, ayeeyo Rukiyo alikuwa bado hajaletwa. Idman alikuwa na betri nne zilizojaa, na hata moja haikuingia. Sirad alianza kusoma dua kimoyomoyo.

Ndipo Saynab, shangazi wa bibi arusi, akaja kutoka mlangoni na mfuko.

"Kuna kijana nje amekataa hata kivuli. Anasema nimpe mpiga video hii, na umrudishie iliyoisha."

Ndani kulikuwa na betri ya pini tatu, imejaa, bado ina moto wa gari lililoichaji. Sirad aliishika kwa mikono miwili. Alijua ni ya nani, akaipachika.

Betri ziliingia na kutoka mlangoni mara tatu. Ayeeyo Rukiyo alipoinuliwa kusimama, Saynab alimnong'oneza kitu sikioni, ngoma ikapigwa, na Sirad akazunguka katikati ya wanawake waliokuwa wakirukaruka. Alisukumwa, akagongwa bega, akapigwa kiwiko mgongoni mwa kamera. Betri haikucheza. Shairi lote lilinaswa, dakika kumi na nane, hadi neno la mwisho.

Alipotoka, Hamse alikuwa ameegemea gari lenye boneti wazi, shati limemganda mgongoni.

"Nani alikwambia stima imepotea?"

"Binamu yangu ana duka hapa. Nilipiga kwako, umenizuia. Nikatoka Garissa baada ya alfajiri."

"Asante, Hamse. Wallahi, asante." Akafuta macho. "Sasa sema ukweli. Ulinifunga kamba?"

Hamse aliangalia chini. "Kwa kazi yako pleti ni hiyo. Ile nyingine ikizeeka inalegea, na wewe unaruka. Lakini nilijua utarudi kwangu kwa betri. Nikafurahi, nikanyamaza. Hapo nilikukosea. Nisamehe."

"Nimekusamehe kabla sijatoka."

"Ayeeyo alisema nini?"

Picha za upande wa wanawake Hamse hataziona maisha yake yote, lakini maneno Sirad aliweza kumpa. "Mwisho aliongeza mistari yake pale pale. Alimshukuru aliyesimama juani kwa ajili yetu. Akamwomba Mungu ampe msichana aliyemfuata."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nikasema amin. Kwa sauti. Nilisahau maikrofoni iko juu ya kamera." Alijifunika uso na mtandio. "Wanawake wote wamegeuka wakapiga vigelegele. Mama mdogo wangu alikuwa humo. Atapiga simu Garissa kabla ya alasiri. Tuma wazee wako kwa baba haraka, asisikie kwa watu."

Hamse alishabonyeza namba. Simu ilikuwa tayari sikioni, na baba yake mwenyewe alikuwa anaipokea.