Upawa wa Pili

"Nani huyo?" Shangazi Labanya aliuliza kutoka barazani.

Malabika alikuwa ameinamisha sufuria ya wali juu ya beseni, kifuniko amekibana kwa kitambaa, maji mazito meupe yanatiririka. Kazi hiyo haitaki mtu wa kugeuka geuka. Ukizubaa, ama wali unamwagika ama mkono unaungua. Kwa hiyo alichokiona mlangoni ni miguu tu, na miguu hiyo aliitambua.

"Ni mimi," Tridib alisema.

"Naona. Vua viatu."

Ilikuwa imepita miezi minane tangu amtumie ujumbe wa maneno matatu: "Mama hataki. Usinisubiri." Malabika alilia wiki nzima, kisha akarudi kwenye cherehani yake, na mji wa Krishnanagar ukapata kitu kingine cha kusema.

"Umefuata nini?"

"Msamaha. Ule uchumba alionipangia mama kule Durgapur nimeuvunja. Nilimwambia mama, ni Malabika au sioi kabisa."

"Umeuvunja mwenyewe?"

"Kwa mdomo wangu huu."

Malabika bado alimpenda mwanamume huyu, na hilo lilimkera.

Shangazi alikuwa ameshaingia, macho yanang'aa.

"Saa saba hii hatoki mtu hapa bila kula wali. Keti, mwanangu."

Malabika akapakua upawa mmoja, lundo jeupe katikati ya sahani, chumvi na kipande cha ndimu pembeni, karela, mboga chungu ya kukaanga ya kuanzia mlo, kisha bakuli la dengu. Tridib alikula kama mtu aliyefunga, vidole vimejaa wali.

"Hujasahau," alisema. "Wali wako kila punje inajitegemea."

"Na mimi vilevile."

Shangazi alimtazama mpwa wake, akaitazama sahani, akashindwa kuvumilia.

"Mwongeze basi! Upawa mmoja hupewa maiti na adui. Huyu umemweka upande gani?"

"Sijaamua."

Tridib akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Niongeze, Mala. Hata kidogo. Agrahayan hii, mwezi wa harusi, nakuoa, mbele ya watu wote."

Malabika akachota. Upawa ulikuwa umejaa, unafuka mvuke, ndipo simu ikalia kando ya sahani.

"Ni mama," Tridib alisema, akionyesha mkono wake uliojaa dengu. "Anajua niko hapa. Nibonyezee, weka sauti kubwa akusalimie."

Za mwizi arobaini. Malabika akabonyeza kwa mkono wa kushoto.

"Tridib! Mwanangu, Mungu mkubwa! Baba yake Mousumi wa Durgapur kaghairi, wanatutaka tena! Huyo fundi cherehani hujamwahidi kitu, eti? Kama hujasema, nyamaza hivyo hivyo. Kula wali wao, nawa, rudi!"

Simu ikakatika.

"Wanawataka tena," Malabika alisema taratibu. "Kumbe ni wao waliokukataa."

"Sikiliza, mama anachanganya mambo..."

"Mama yako amenyoosha mambo. Wewe ndiye uliyekuwa unachanganya."

"Nakupenda, Mala. Hilo si uongo."

"Labda. Lakini ulikuja kwangu baada ya kukosa kwingine."

Iliuma. Iliuma kuliko ule ujumbe, maana safari hii alikuwa ameshachota. Akaugeuza upawa juu ya sufuria, akarudisha wali wote ndani, hata ile punje iliyoganda ukingoni akaisukuma kwa kidole.

Tridib aliitazama sahani yake. Mama yake hakuwahi kumpakulia mara moja tu, hata siku walizogombana. Alijua maana yake bila kuelezwa.

"Hata kidogo?" aliuliza.

Malabika akamgeukia shangazi yake. "Shangazi, nimeshaamua."

Labanya alitazama pembeni, akajifuta uso kwa pindo la sari.

"Bomba liko nyuma, mwanangu," alimwambia Tridib. "Nawa. Treni ya saa nane unaiwahi."

Tridib aliondoka mikono imelowa, viatu kavishika mkononi. Malabika hakwenda mlangoni. Alichukua sahani yake mwenyewe, akaketi sakafuni pale pale, akajipakulia upawa mmoja.

Kisha akajiongeza wa pili, umejaa.

"Nisogezee dengu, Shangazi," alisema. "Wali unapoa."