Dakika Arobaini hadi Kwihara

Kila Ijumaa baada ya shule, Levina alikuwa na kazi moja nyumbani kwao Usoke: kumwagilia vitalu vya miche ya tumbaku. Ijumaa ile alimwachia mdogo wake ndoo, akapanda basi la Tabora huku kifua mbele. Mwalimu Vedasto, aliyewafundisha historia Darasa la Sita, alikuwa amemchagua yeye kati ya wanafunzi arobaini na wawili. Baada ya wiki mbili darasa zima lingekwenda Tabora kwa treni, kisha litembee kwa miguu kutoka stesheni hadi makumbusho ya Kwihara, ili waonje kidogo safari ya wapagazi wa zamani. Levina, kwa kuwa alikuwa na shangazi mjini, angetangulia kuikagua njia.

“Kila msafara ulikuwa na kirangozi, mtu wa kutangulia mbele,” Mwalimu alimwambia akimkabidhi karatasi. “Wewe ndiye kirangozi wetu. Niandikie mambo manne tu: maji yako wapi, choo kiko wapi, kivuli kiko wapi, na mwendo ni wa muda gani.”

Mambo manne! Levina aliona hiyo ni kazi ya chekechea.

Jumamosi asubuhi alitoka Cheyo, kwa Shangazi Magreth, akiwa na binamu yake Sayi mwenye miaka kumi na minne. Walianzia stesheni, wakahesabu dakika kwa saa ya Sayi. Levina hakuwahi kuuona mji ule vizuri, na kila kitu kilimfurahisha. Walipofika Kanyenye aliingia bila woga kwenye duka la vitenge la Mama Rashmi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Unataka kitenge gani?”

“Sitaki kitenge, nataka choo. Cha watoto arobaini na wawili.”

Sayi alicheka mpaka akashika ukuta. Mama Rashmi naye alicheka, na baada ya kuelezwa vizuri akakubali. “Waje, na wapumzike hapo barazani kwenye kivuli. Ila wasishike vitambaa vyangu na mikono ya maandazi!”

Levina aliandika yote kwa mwandiko safi. Lakini kufikia saa sita, jua la Septemba lilikuwa kali na viatu vilianza kumbana. Nyumba zilikuwa zimeanza kupungua, na mbele yao kulikuwa na barabara ya vumbi tu.

“Tupande bajaji,” Sayi alisema. “Njia si ni ile ile?”

Levina alisita kidogo, kisha akapanda. Katikati ya njia aliona bomba la mkono kando ya barabara, akaandika: *Maji yapo.* Bajaji iliwafikisha Kwihara kwa dakika ishirini tangu walipoondoka mjini. Akazizidisha mara mbili, akaandika: *Kutoka mjini, dakika arobaini kwa miguu.* Hesabu ilimpendeza sana.

Jioni Mwalimu Vedasto alipiga simu ya Shangazi, na Levina akamsomea karatasi yake.

“Hilo bomba lina maji mazuri?” aliuliza.

“Mazuri sana, Mwalimu,” Levina alijibu haraka.

“Umenipunguzia mzigo, kirangozi. Basi nitawaambia wazazi kila mtoto abebe chupa ndogo moja, na mjini tutaondoka saa nne baada ya chai.”

Levina aliirudisha simu, akausogeza ugali kando. Alikuwa akimfikiria Koleta, jirani yake wa dawati, ambaye akizunguka uwanja wa shule mara moja tu huketi chini kupumua. Aliogopa. Aliogopa kweli, na akaona afadhali kusema.

“Shangazi, yale maji sikuyaonja. Hata kwenye bajaji sikushuka.”

Shangazi Magreth, ambaye alikuwa akimalizia gauni la Levina la kuvaa kesho yake kwenye harusi ya jirani, alisimamisha cherehani. “Karatasi yako inasema mengine.”

“Nimpigie Mwalimu sasa?”

“Umwambie nini, kwamba hujui? Kesho baada ya Misa ya kwanza nendeni mkajue, wewe na mwenzako aliyekushauri bajaji. Harusi itawangoja. Isipowangoja, basi.”

Haikuwangoja. Jumapili, wakati wenzao wakila pilau, Levina na Sayi walikuwa kwenye vumbi. Walibeba chupa ndogo moja kila mmoja, kama Mwalimu alivyopanga. Baada ya saa nzima tangu watoke mjini walilifikia bomba. Halikuwa na mpini. Karibu na hapo mama mmoja alikuwa akianika mihogo, na Sayi akamsalimu kwa Kinyamwezi.

“Mwangaluka, mayu.”

“Mwangaluka, wanangu. Kama mnataka maji, hilo halijatoa tone tangu mwaka jana.”

Walifika Kwihara wamekauka midomo, chupa tupu mikononi. Tangu mjini walikuwa wametumia saa moja na dakika hamsini. Waliporudi nyumbani, Levina aliomba simu mwenyewe.

“Mwalimu, jana nilikudanganya. Nilipanda bajaji, nikaona aibu kukuambia. Leo nimetembea. Bomba ni bovu, na mwendo ni karibu saa mbili.”

“Kesho utasimama mbele ya darasa,” Mwalimu Vedasto alisema, “uwaeleze wenzako hivyo hivyo.”

Jumatatu Levina alirudi Usoke kwa basi la alfajiri, akasimama. Alieleza yote, hata ile bajaji. Bernardo, mtani wa darasa, akaropoka, “Kirangozi wa bajaji!” Jina hilo lilimganda wiki mbili nzima. Lilimuuma, lakini hakuligombania, kwa kuwa lilikuwa la kweli.

Siku ya safari darasa lilipita Kanyenye, na saa moja asubuhi, badala ya saa nne, likaingia barabara ya vumbi. Kila mtoto alikuwa na chupa mbili kubwa. Walipofika kwenye bomba, Bernardo alitangulia mbio, akalizunguka, akapapasa mahali pa mpini, kisha akarudi polepole akifungua chupa yake. Koleta alikuwa ameketi akinywa kwa mikupuo mirefu. Hakuna aliyecheka.

“Mnaliona?” Mwalimu Vedasto alisema. “Levina alikuwa ametuandikia maji hapa. Uongo huo aliufuta mwenyewe, kwa miguu yake, kabla haujatufikia. Mkipewa kazi ambayo wenzenu wataitegemea, semeni mlichokiona. Msichokiona, semeni hamjakiona. Aibu yake ni ya siku chache, lakini kiu ya hapa ingemwangusha mtu.”

Koleta alifunga chupa yake, akamgeukia Levina.

“Imebaki dakika ngapi?”

“Hamsini,” Levina alijibu. “Nimezitembea.”

Koleta akasimama, wakaendelea na safari.