Walifuta Jina, Wakaacha Cherehani

Asubuhi za Mazwi, mjini Sumbawanga, zina baridi ya kung'ata. Kristiana alikuwa anakoroga uji wa ulezi, kitenge amejifunga juu ya sweta. Mumewe, Oswaldi, alikuwa ameshawasha kompyuta katika chumba cha mbele. Chumba hicho ndicho kilikuwa ofisi ya kampuni yao ndogo. Oswaldi alikuwa mtu wa haraka. Hata sala ya chakula aliimaliza akiwa ameshashika kijiko.

Mwaka ule walikuwa wamepata zabuni ya serikali. Kazi yenyewe ilikuwa njema. Wagonjwa wanaotumia dawa kila siku husahau tarehe zao za kliniki. Kampuni ilitakiwa kuwakumbusha kwa ujumbe wa simu. Kwa hiyo ilikabidhiwa taarifa zao: majina, vijiji, kazi zao na magonjwa yao.

Oswaldi alitaka kampuni ijulikane hadi mikoa mingine. Akafungua programu ya bure ya akili mnemba, ile inayoandika na kujibu maswali kama mtu. Akachukua taarifa za mgonjwa mmoja, akaziingiza humo zote. Kisha akaiandikia, "Nitungie tangazo la kugusa moyo."

Kufumba na kufumbua, tangazo likawa tayari. Lilimsifu dada mmoja, fundi cherehani. Lilikitaja kijiji chake, kando ya barabara ya Namanyere. Lilisema ana kifafa tangu utotoni, lakini sasa haanguki kwa sababu hakosi dawa. Oswaldi akafuta jina la dada huyo.

Kristiana alilisoma mara mbili. "Baba Salome, huyu dada anajua kwamba tunamtangaza?"

"Jina si nimelifuta? Nani atamjua?"

Kristiana alikuwa na la kusema, lakini akalimeza. Uji ulikuwa unafurika jikoni. Tangazo likatumwa kwenye makundi ya simu, na chini yake ikawekwa namba na anwani ya kampuni.

Majuma yalipita. Siku moja mzee mmoja akabisha hodi. Koti lake lilikuwa na vumbi la safari.

"Shikamoo, mzee," walimwamkia.

"Marahaba. Naitwa Zenon. Nimetoka huko njia ya Namanyere." Alitoa simu aliyoazima kwa jirani, akawaonyesha lile tangazo. "Haya ni maneno yenu?"

"Ni yetu, mzee. Umeyapenda?" Oswaldi aliuliza kwa furaha.

"Huyu mliyemwandika ni Bertilla. Ni binti yangu."

"Lakini mzee wangu, hatukutaja jina."

"Mwanangu," alisema Mzee Zenon, "kijiji chetu kina cherehani moja."

Kristiana alivuta kigoda, mzee akaketi. Alimletea kikombe cha uji wa moto. Mzee hakukigusa.

"Tulioijua siri hii tulikuwa wachache," alisema. "Mimi, marehemu mama yake, na daktari. Bertilla alikuwa anameza dawa zake, miaka inapita haanguki. Alikuwa na mchumba, Abel. Alipanga kumwambia mwenyewe, kwa mdomo wake, baada ya Pasaka. Ninyi mkamtangulia."

"Mungu wangu," Kristiana alinong'ona.

"Watu wakaacha kuleta nguo. Eti ukivaa alichoshona, utaanguka na wewe. Kifafa hakiambukizi, daktari alituambia. Lakini nani wa kuwaeleza? Ndugu za Abel wakavunja uchumba. Binti akaona haya kusimama kwenye foleni ya dawa. Akaacha dawa. Jumapili alikuwa anasonga ugali, akaanguka. Mikono yote miwili iliingia motoni."

"Yu hai?" Kristiana aliuliza.

"Yu hai. Ila mikono ya kushonea hana tena."

Mzee hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga. Aliinuka, akawaaga kwa heshima, akaenda kutafuta basi. Kristiana alilia hadi kitambaa cha kichwa kikalowa. Oswaldi alibaki ameitazama kompyuta iliyozimika.

Kesho yake walikwenda kwa Wakili Tusajigwe. Huyu ni mwanamama wa Mbeya, ana ofisi hapo mjini. Si mtu wa kubembeleza. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mkataba wenu una kifungu cha usiri. Mlikisoma?"

"Tulisoma bei na tarehe," alijibu Kristiana.

"Wengi ndivyo msomavyo, halafu mnakuja kwangu mnalia. Sasa sikilizeni. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya mwaka 2022. Taarifa za ugonjwa wa mtu ni taarifa nyeti. Ninyi mlipewa kwa kazi moja tu, kukumbusha. Kutangaza ni kazi nyingine. Ilitakiwa ridhaa ya mwenyewe, tena kwa maandishi."

"Lakini nilifuta jina," Oswaldi alisema kwa sauti ndogo.

"Jina ni alama moja. Kijiji ni alama. Kazi yake ni alama. Ukiziweka pamoja, mtu mzima anasimama mbele za watu. Tena niambie, kazi yake ya cherehani mliihitaji ya nini? Kumkumbusha mtu kunataka namba ya simu na tarehe. Msichokihitaji msikipokee."

"Na ile programu ya akili mnemba?"

"Hilo ni kosa jingine. Programu ya bure inaweza kuhifadhi kila unachoiandikia, na kompyuta zake mara nyingi ziko nje ya nchi. Maji yakimwagika hayazoleki. Taarifa za mgonjwa usiiandikie kabisa. Na programu yoyote mnayotaka kuitumia katika kazi ya serikali, ofisi iliyowapa zabuni iijue na iikubali kwanza."

"Tufanyeje sasa, Wakili?" Kristiana aliuliza.

"Futeni tangazo. Leo hii tunaandikia ofisi iliyowapa kazi, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tunaeleza kila kitu. Halafu mtaenda kwa huyo binti."

Oswaldi alikuna kichwa. "Tukisema, watatunyang'anya zabuni."

Tusajigwe alimtazama. "Huenda. Na Bertilla amenyang'anywa nini?"

Walifuta tangazo. Waliandika siku ile ile.

Zabuni ilisimamishwa kwa muda mrefu. Ulikuwa wakati mgumu nyumbani kwao Mazwi, na hawakuwa na wa kumlaumu. Walijisajili kwa Tume. Walirudisha taarifa zote wasizozihitaji. Kompyuta ikafungwa kwa nenosiri ambalo hata watoto hawakulijua. Kazi iliporudi, ujumbe wao haukutaja ugonjwa tena. Ulisema tu, "Kesho ni siku yako. Karibu." Tena hawakumtumia mtu kabla ya kumwuliza, naye akakubali kwa sahihi au dole gumba. Wengine walikubali, wengine walikataa. Waliokubali walizidi kufika kliniki, kwa sababu hata jirani akiuona ujumbe ule, haumwambii kitu.

Mgonjwa wa mwisho kuulizwa alikuwa Bertilla. Kristiana aliahirisha safari hiyo mara nyingi kwa woga.

Alimkuta ameketi barazani, mikono imejikunja kwa makovu. Cherehani ilikuwa pembeni, imefunikwa kanga. Mzee Zenon alimkaribisha kwa Kifipa, naye akaitikia kwa Kifipa. Kisha Kristiana akapiga magoti mbele ya Bertilla.

"Mdogo wangu, tulikukosea. Nilijua haifai, nikanyamaza. Naomba radhi."

"Nimesikia," alisema Bertilla.

Kristiana alifuta machozi. Alipoiona mikono ile, wino wa kuwekea dole gumba aliuacha ndani ya mkoba. "Nimekuja pia kukuuliza. Faili lako la hospitali litabaki hospitali, hilo si letu. Lakini namba yako, unataka ibaki kwetu tukukumbushe dawa? Una haki ya kukataa."

"Hapana," alisema Bertilla.

"Sawa." Kristiana alimpigia Oswaldi hapo hapo, spika ya simu ikiwa wazi. "Baba Salome, ifute namba ya Bertilla." Wote watatu wakasubiri.

"Nimeifuta," Oswaldi alisema kwenye simu. "Haipo tena kwetu."

Bertilla aliitazama cherehani yake. "Siku ile mngeniuliza hivi hivi," alisema, "ningewajibu hivi hivi."

Mzee Zenon alitoka ndani na kidonge na kikombe cha maji. Bertilla alifungua mdomo. Baba yake akamwekea kidonge kwenye ulimi, akamshikia kikombe, akamnywesha taratibu hadi akameza.