Alhamisi za Fundi Friji

Maneno haya Mama aliletewa na jirani, akiwa anaanika shuka.

"Shoga, huyo mkweo mtarajiwa, fundi friji. Kila Alhamisi saa kumi anaingia hospitali, jengo la nyuma. Anapokelewa na muuguzi mmoja mwenye mwanya. Wanacheka, we acha tu."

"Labda anawatengenezea friji."

"Bila begi la vifaa?"

Siku tatu Mama alilala nayo, akaamka nayo. Alijua binti yake, msusi, si wa kuambiwa jambo hovyo. Daktari alishasema ni tatizo la haiba: hofu ya kuachwa inamjaa hadi hasikii kingine. Asubuhi kwake fundi ni malaika, jioni ni shetani, na wala haigizi. Lakini Mama alikuwa na neno lake moja tu, na alishamwambia: anadeka. Alhamisi, saa kumi na nusu, akaingia saluni akamwaga yote.

Msusi akaachia rasta alizoshika.

"Dada, na mimi nibaki nusu kichwa?" mteja akauliza.

Msusi alishashika simu, anampigia fundi. Simu ya fundi ilikuwa imezimwa. Ujumbe wake ukaanza kumiminika:

"Uko wapi?"

"Huyo mwanamke ni nani?"

"Mbwa wewe, harusi hakuna."

"Samahani. Usiniache."

Kisha akakimbilia nyumbani, akajifungia bafuni. Mama nyuma yake.

"Toka huko, wewe ni mtu mzima. Kwani wewe ndiye wa kwanza kudanganywa?"

"Mama, nimechoka kuishi."

Kauli hiyo Mama aliwahi kuisikia, akaiita vitisho. Leo sauti ilikuwa ndogo mno. Hapo simu ya Mama ikaita. Ni fundi.

"Mama, nimewasha simu nimekuta jumbe thelathini. Yuko wapi?"

"Kajifungia bafuni, anasema amechoka kuishi. Wewe ulikuwa kwa nani?"

"Nitakujibu. Sasa hivi usimbishie. Keti hapo mlangoni, mwambie unaona anavyoumia na huondoki. Muulize kama ana kitu cha kujidhuru. Nakuja."

Mama akaketi sakafuni. Maneno yalimtoka kwa shida, kama anajifunza kusema.

"Mwanangu, naona unaumia. Nipo, siendi kokote. Una kitu mkononi?"

Mara komeo likalia, mkono ukatoka, ukampa mkasi wa saluni. Mlango ukarudishwa, ila haukufungwa tena.

Fundi alifika anahema, akaketi chini kando ya Mama.

"Nipo, mpenzi."

"Nenda kwa muuguzi wako."

"Muuguzi yule anatufundisha. Tuko tisa, ndugu na wachumba wa watu wenye hali kama yako. Simu tunazima. Najifunza kukaa na wewe bila kukuumiza."

"Kwa hiyo mimi ni somo? Mnanicheka huko?"

"Hatukucheki. Ila nilikosea kukuficha. Ningekuwa mimi, ningeumia pia."

"Utaniacha tu."

"Leo sikuachi. Lakini matusi siyawezi. Ukinitukana nitatoka nje nipumue, nitakwambia narudi saa ngapi, na nitarudi."

Mlango ukafunguka. Msusi alikuwa amevimba macho, na hakumtazama fundi, alimtazama mama yake.

"Ulisema nadeka."

"Nilisema, mwanangu. Nilikosea. Na maneno ya leo nimeyaleta mimi."

"Sijakusamehe."

"Sawa. Twende hospitali hivyo hivyo, naita teksi."

"Basi wewe kaa mbele na dereva. Mimi nitakaa nyuma na yeye."

Harusi ikasogezwa. Dawa na maongezi na mtaalamu vinaendelea. Bado kuna siku fundi anaitwa shetani kabla hajanywa chai, anatoka nje, anarudi saa aliyosema. Na Mama siku hizi anaenda darasani naye, anakaa benchi la mbele kwa sababu masikio yamechoka.

Wazazi wenzangu, ya kuepuka ni haya:

Usimpelekee uvumi mtu anayeogopa kuachwa. Muulize mhusika kwanza.

Usimwambie anadeka.

Akisema amechoka kuishi, usiite vitisho. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Usibishane naye akiwa amewaka. Ngoja atulie.

Usimsaidie kwa siri.

Usiahidi usichokiweza, na usivumilie matusi ukayaita mapenzi.

Na jirani akija kuuliza ilikuwaje bafuni, usimsimulie.