Chumba cha Kwanza Kwenye Bomba

Maji ya beseni yalipungua huku mtoto akisubiri kuogeshwa.

Mama yake alikuwa ameinama tu kuokota sabuni. Alipoinuka, maji yaliyokuwa yakimfika kwenye kifundo cha mkono yalibaki ya kulowesha vidole. Sakafu ilikuwa kavu, na pembeni mwa beseni palibaki mstari wa unyevu, kama ule unaobaki kwenye kikombe mtu akinywa kwa pupa.

"Limevuja," alisema mumewe aliporudi. Aligeuza beseni huku na huku asione ufa. "Au umenywa wewe, mama mtoto? Wanaonyonyesha mna kiu nyie."

Wakacheka, yakaisha.

Mumewe alikuwa fundi wa pampu wa jengo lile la ghorofa. Chumba chao kilikuwa chini kabisa, ukuta kwa ukuta na kisima. Bomba lilitoka ardhini, likapita kwao kwanza, ndipo likapanda kwa wapangaji na kwenye matangi ya juu. Jengo lilipokuwa peke yake, maji hayakuwa mbali. Kisha majengo mengine yakaota kushoto na kulia, kila moja na kisima chake, na maji yakaanza kurudi chini kama mtu anayekwepa ugomvi. Kila yaliposhuka, fundi aliunga kipande kingine cha bomba na kuizamisha pampu zaidi. Hakuwa mtu mbaya. Watu walitaka kuoga, na asiposhusha yeye, jirani angeshusha.

"Tutayafuata hadi kwao," alizoea kusema.

Safari ya mwisho aliyafuata hadi kwao. Pampu ilikwama, ikakohoa, ikavuta, na yale maji ya kwanza yalitoka baridi ajabu, yakinuka udongo ambao haujapata kuona jua. Kesho yake ndipo beseni likanywewa.

Baada ya beseni ikawa birika, kisha mtungi wenye kifuniko. Kisha yakawa maziwa. Matiti yaliyokuwa yakichuruzika hata mtoto wa watu akilia njiani, yalikauka. Mtoto alishika, akaachia, akalia, na kilio kilitoka bila chozi. Mama alimpapasa kichwani, akakuta utosi umebonyea kama kijiko.

Mchana mmoja, jengo likiwa kimya kwa kuwa watu wako makazini, alijilaza na mwanawe kifuani, akasikia ndani ya ukuta, pale bomba lilipopita, sauti ya kitu kikimeza, wala si maji yanayopita, hayo aliyajua, bali koo, koo kavu linalomeza na kutulia na kumeza tena, likisogea ukutani taratibu hadi usawa wa mto wake, na harufu ya ule udongo ikajaa chumba, na kitu baridi kama ulimi wa jiwe kikamgusa kifua upande ambao mtoto hakuwepo, kikanyonya, naye akataka kupiga kelele asiweze, kwa sababu hata mate yalikuwa yamemwisha kinywani.

Wakamwita shangazi wa fundi, mganga asiye na mbwembwe. Hakuchoma chochote. Alitega sikio kwenye bomba, akakaa hivyo hadi shavu likaingia alama.

"Nani katutumia, shangazi?" fundi alinong'ona.

"Angekuwa wa kutumwa ningeshukuru. Wa kutumwa hupewa nauli ya kurudi." Hakutabasamu. "Huyu ni mwenyeji. Alikuwa ametulia kwenye maji yake huko chini. Mmeyavuta, naye kayafuata. Hana ubaya. Ana kiu tu."

"Mfukuze basi."

"Nimfukuzie wapi, baba? Kwake mmekausha. Zima pampu. Maji yakirudi, atarudi. Na majirani nao wazime."

"Majirani!" Fundi alicheka kicheko kisicho na pumzi. "Wazime kwa sababu ya mwanangu?"



Fundi alizima ya kwake. Kesho yake ua ukajaa ndoo na watu. "Fundi, umelala au umehama?" "Leo tuoge mate?" Na mmoja, kwa upole uliotisha zaidi: "Mwenye jengo kasema usipowasha, ufungashe." Nyuma ya ukuta, visima vya majirani vilinguruma kama kawaida. Mtoto hakulia tena. Alikuwa akifungua kinywa tu.

Mama akasikia mumewe akisema, "Haya. Nawasha."

Alimlaza mtoto kitandani, akapiga magoti pale bomba lilipogawanyika kuingia kwao, akafunga koki ambayo haikuwahi kufungwa. Akaweka midomo kwenye chuma.

"Mwenye maji," alinong'ona, "hapa tumekwisha. Usisimame hapa. Juu kuna watu wengi."

Pampu ikanguruma. Lile koo likapita ukutani mbele ya uso wake, likimeza, likapanda, likavuka dari.

Kabla ya magharibi nguo yake ilikuwa imelowa maziwa kifuani. Mtoto alinyonya hadi akasinzia na titi mdomoni. Fundi alilia kwa furaha, akidhani ni ile siku moja ya kuzima iliyomponya. Shangazi aliitazama koki, akamtazama mkwewe.

"Amelala?"

"Amelala, shangazi."

"Haya," alisema shangazi, akachukua mkoba wake akaenda zake.

Asubuhi mlango ukabishwa. Alikuwa mwanamke wa ghorofa ya kwanza, ambaye walikuwa wakisalimiana ngazini tu, na begani kwake kitoto kikilia kwa sauti kavu.

"Samahani, dada. Nasikia wako alikuwa hivi hivi. Mimi maziwa yamekata ghafla jana usiku. Ulifanyaje mwenzangu?"

 Mama alimpokea mtoto yule, akaketi, akafungua kifua. Mtoto akashika kwa nguvu za mwisho, na chumba kikasikia akimeza.

"Mungu akulipe, dada," mwanamke alisema, akijifuta uso kwa viganja. "Mungu akulipe."

Mama alikiangalia kichwa kile kidogo kwa muda mrefu. Alipoinua macho, aliinuka kwanza akasukuma mlango, kisha akauliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Dada, juu yenu anakaa nani?"