Raba Chini ya Sketi

Rafiki yangu Mi-ran akiyasimulia haya mpaka leo huinamisha uso.

Alikwenda kasri la wafalme, Seoul, na dada yake Ok-ju, wamekodi mavazi ya kale, maana aliyevaa hivyo huingia bure. Jioni, wageni wakitoka, Mi-ran akaruka kamba ya chumba cha malkia apigwe picha.

"We, vua viatu!" Ok-ju alimkaripia toka barazani. "Hata kwako huingii navyo!"

"Sketi imeficha raba, dada. Nani ataona? Malkia?"

Ndani kulikuwa giza. Kila alipopiga hatua, nyuma yake kitambaa kilisugua sakafu: swaa, swaa. Akadhani ni sketi yake. Akasimama. Sauti ikaendelea, ikamsogelea, ikakoma visiginoni pake, na hapo akasikia pumzi ya bibi, kama mjakazi aliyechoka kupiga magoti akifuta sakafu.

Alitoka mbio. Alipogeuka, sakafu ilikuwa vumbi tupu, ila kila alipokanyaga palikuwa pamefutwa, pamelowa.

Walirudisha mavazi, akarudi nyumbani kwa miguu akikanyaga tope la mvua. Mlangoni, mbele ya mama yake, akavua raba. Soli zilikuwa safi kama za dukani, zingali na unyevu wa kitambaa.